Barua ya kulipia hataza imekuja na msimu wa korosho bado, naweza kusubiri mnada?

FundiChikongola

Wakulungwa habarini, wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mtwara mjini. Nina mashine yangu ya kubangulia korosho niliyoibuni mwenyewe, sio ile ya mkono na mguu mliyoizoea, hii ina visu viwili vinavyojisogeza vyenyewe kufuata ukubwa wa korosho kwaiyo hata ukichanganya kubwa na ndogo bila kuzichambua kiini kinatoka kizima, alafu kuna kikinga chini ya visu kinachopokea yale mafuta ya ganda yasimrukie mbanguaji vidoleni. Akina mama wanaobangua wanajua ninachosema, yale mafuta yanababua ngozi mpaka mtu anashindwa kushika ugali.

Basi niliombea hataza (ile haki ya kumzuia mtu asiige uvumbuzi wako) kupitia ARIPO, shirika la haki miliki la nchi kadhaa za Afrika, nikachagua nchi tatu: Tanzania, Msumbiji na Kenya. Msumbiji kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma wana korosho kama sisi na mafundi wa kule wanavuka kuja huku kununua spea, Kenya nilishauriwa tu. Ikakaa weee mpaka nikaanza kuona nimetupa hela. Sasa imeili imeingia, wanasema ombi limepita uchunguzi na wako tayari kutoa hataza ila kwanza nilipe ada ya kutolewa hataza na kuchapishwa, kwa dola, na tarehe ya mwisho wameandika.

Shida yangu ni kwamba sa ivi huku watu ndo wanapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, hela yote ya mkulima imeingia kwenye salfa na kibarua cha palizi, hakuna anayenunua mashine ya kubangulia mpaka minada ya Oktoba ianze. Na hiyo tarehe yao inaangukia kabla ya mnada. Nawaomba mnijibu, naweza kuwaandikia wanisubiri kidogo? Naweza kulipa nusu sasa na nusu msimu ukifunguka?

Alafu kuna jambo lingine limenichanganya zaidi. Siku chache baada ya hiyo imeili imekuja nyingine, hii inadai nilipie kuingizwa kwenye rejista ya kimataifa ya hataza, ina nembo na muhuri mzuri kuliko hata ile ya kwanza, namba ya ombi langu wameipatia, jina langu wamelipatia, kichwa cha uvumbuzi wamekipatia, na hela wanayotaka ni kubwa zaidi. Akaunti ya benki iko Ulaya. Nianze kulipa ipi?

---

MamaUbanguaji_Masasi

USILIPE HIYO YA PILI. Mengine watakujibu wanaojua ila hiyo ya pili kaa nayo mbali mwanangu, hao ni matapeli. Na nikitoka hapo naomba nijue hiyo mashine bei gani maana kikundi chetu tunapoteza sana kwenye vipande.

---

Ndugu_wa_Newala

Mama hapo juu kamaliza. Mimi nafanya kazi za hataza na alama za biashara Dar, kwetu Newala, kwaiyo swali lako limenigusa pande zote mbili ngoja nikujibu kwa kirefu.

Nianze na hiyo imeili ya pili maana ndo yenye hatari. Watu wanashangaa hawa jamaa wamepataje jina na namba ya ombi, wakati hamna siri hapo. Maombi ya hataza yanachapishwa, ARIPO wana jarida lao, na yale yanayopita mfumo wa kimataifa wa PCT yanachapishwa na WIPO, shirika la haki miliki la dunia, ikishafika miezi 18 toka tarehe ya kwanza ya kuomba, mtu yeyote duniani akifungua anaona jina, kichwa cha uvumbuzi, na mara nyingi anwani. Matapeli wanakaa wanachota humo kisha wanakutumia kitu chenye sura ya ankara. WIPO wenyewe wana ukurasa mzima kwenye tovuti yao unaotahadharisha watu na wameweka mifano ya hizo ankara za uongo, kaufungue, utakuta nyingine zinafanana na yako mpaka rangi. Ukisoma kwa chini kabisa maandishi madogo wengine wanaandika kabisa kwamba hii ni ofa ya kuorodheshwa kwenye katalogi, yaani hata mahakamani watakuambia ulinunua tangazo kwa hiari yako. Hakuna rejista yoyote ya binafsi inayoongeza nguvu kwenye hataza yako hata chembe. Ofisi unayodaiwa nayo ni ile uliyopeleka ombi, au wakala uliyemwandikisha, basi.

Na hata ile ya kwanza usiilipe kwa kubonyeza tu kilichomo kwenye imeili. Angalia imetoka anwani gani, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya ARIPO uchukue mawasiliano yao hapo, makao yao makuu yako Harare, waulize kama barua yenye namba hii ni yao na akaunti ni hii. Kama ombi ulilipitishia BRELA, wakala wa usajili wa hapa Tanzania, waulize na wao. Ikishathibitika ndo unalipa.

Sasa kuhusu kusubiri. Ndugu yangu ada hii sio kama ada ya shule unayoweza kwenda kuongea na mkuu. Ofisi imeshamaliza kazi ya kuchunguza, imesema ndiyo, kilichobaki ni wewe kulipa ndani ya muda ulioandikwa, usipolipa ombi linaanguka na zile ada zote za mwanzo, ya kuombea, ya kila nchi uliyochagua, ya uchunguzi, zinaenda na maji. Ubaya zaidi huwezi kusema basi nitaomba upya mwakani, maana uvumbuzi wako umeshachapishwa, na hataza inataka kitu kipya. Ombi lako la mwanzo lenyewe ndo litakalotumika kukuambia kwamba hiki kitu kinajulikana. Watu wengi hapo ndo wanaumia, wanadhani mlango utakuwa wazi.

Nusu nusu haipo. Ada isiyotimia inahesabika haijalipwa. Na hapo kuna mtego mwingine wa benki: ukituma dola kwa TT (benki kwenda benki ya nje) kuna makato njiani, benki yako inakata, benki ya kati inakata, hela inafika pungufu na wewe risiti unayo mkononi unaamini umemaliza. Mwambie mtu wa benki makato yote yabebwe na mtumaji ili upande wa pili waipate ada kamili, na sehemu ya maelezo ya malipo aandike namba ya ombi, sio "ada" tu. Alafu usitume siku ya mwisho, TT inaweza kuchukua siku kadhaa na ikikutana na wikiendi au sikukuu ndo kabisa.

Kama kweli hela haitapatikana, waandikie KABLA tarehe haijafika uwaulize kama kuna nafasi yoyote ya kuongezewa muda. Ila usipange maisha yako juu ya jibu la hiyo barua. Tafuta hela.

---

MzeeWaMtanda_Lindi

Mimi nina swali la kijinga kwa nyie wasomi. Huyu kijana akilipa hizo dola zote, fundi wa Masasi au wa Ruangwa akiiona mashine kwenye maonyesho ya Nanenane pale Ngongo akaipima kwa futi akaenda kuchomelea ya kwake, ARIPO watakuja na pikipiki kumkamata? Nimeona watu wana vyeti vimewekwa fremu ukutani na vitu vyao vinauzwa gengeni na watu wengine. Mi ningemwambia hiyo hela anunue vyuma atengeneze mashine tano azitangulize sokoni kabla ya wenzie.

---

Ndugu_wa_Newala

Mzee wangu shikamoo, swali sio la kijinga hata kidogo na sehemu kubwa uko sahihi. Hakuna atakayekuja na pikipiki. Hataza inakupa haki ya kumzuia mtu asitengeneze, asiuze na asiingize kutoka nje kile ulichokidai, lakini kumfuatilia ni kazi yako na gharama yako. Kwa fundi mmoja wa Ruangwa mwenye mashine moja mi mwenyewe nisingeenda mahakamani, ningekaa naye chini tukubaliane anilipe kidogo kwa kila mashine, au awe fundi wangu wa kule.

Ila angalia upande wa pili. Korosho yetu nyingi bado inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, kila mwaka tunasikia kauli kwamba tubangulie hapahapa, na viwanda vikifunguliwa mashine nyingi zinaagizwa kutoka hukohuko. Siku kampuni ya nje ikipenda hivi visu vya kijana ikaviweka kwenye mashine zake, kule kwao hana la kufanya, maana hataza inafanya kazi kwenye nchi alizochagua tu. Lakini ile mashine ikishushwa bandarini hapa ije kuuzwa Tanzania, ana cha kusema. Na kampuni kubwa haiogopi fundi, inaogopa karatasi. Hapo ndo hela yake inarudi, kwa kuuza leseni, sio kwa kukimbizana na mafundi wenzie.

---

MzeeWaMtanda_Lindi

Marahaba. Hapo kwenye leseni nimekuelewa. Ila vyuma bado ningenunua.

---

BintiLindi_Ughaibuni

Naomba niongeze ya huku maana nimeona hii mada nikakumbuka yaliyompata mwenzetu. Mi nasoma Marekani, na kuna kaka yetu mmoja wa Nachingwea aliomba hataza huku na mwenzie. Huku inaitwa ada ya kutoa hataza pia, ofisi yao ya hataza USPTO ikikubali ombi inakutumia taarifa ya kukubaliwa na hapo una miezi 3 ya kulipa, na hiyo miezi 3 HAIONGEZWI. Barua zao nyingine ukichelewa unaweza kulipia muda wa ziada, hii hapana, ukipitisha ombi linahesabika umelitelekeza. Kuna njia ya kuomba lifufuliwe kama uchelewaji haukuwa wa makusudi ila unalipa ada nyingine juu na unaapa kwamba hukukusudia, sasa mtu aliyekaa anasubiri msimu wa korosho ataapaje hajakusudia, hahaha.

Kilichomsaidia ni punguzo. Toka Januari 2025 ada kamili ya kutoa hataza huku ni dola 1,290, mwenye hadhi ya mwombaji mdogo analipa 516, na daraja la chini kabisa kwa watu wa kipato kidogo wenye maombi machache ni 258. Yeye alikuwa daraja la chini. Ila ikabidi aangalie tena kabla ya kulipa kama bado anastahili, maana ukishampa haki kampuni kubwa au ukawa umesaini kuiuzia, punguzo linaondoka na ukilipa kidogo kwa kudanganya unaiweka hataza yenyewe rehani. Ulaya kwa EPO, ofisi yao ya hataza, wanasema miezi 4 toka wakutumie maandishi ya mwisho ya hataza uyakubali, na hapo unatakiwa uwe na tafsiri ya madai (yale maandishi yanayotaja kitu unachotaka kilindwe) kwa lugha zao nyingine mbili rasmi.

Kwaiyo fundi sio ARIPO tu wenye roho ngumu, ndo dunia ilivyo kwenye hii ada.

---

FundiChikongola

Asanteni sana, nimesoma zaidi ya mara moja. Ile imeili ya pili nimeshaifuta kwenye mawazo. Nimewaandikia ARIPO kwa anwani ya kwenye tovuti yao wamethibitisha ya kwanza ni yao. MamaUbanguaji nimekutumia mesej pembeni.

Hela nimeongea na shemeji yangu yuko kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Tandahimba ataniazima, nitamrudishia kwa mashine, moja ikae kwenye kikundi chao. Tumeandikishana.

Ila nauliza, nikishalipa hii ndo nimemaliza? Alafu nilisikia kuna mikopo ya halmashauri, asilimia kumi, ile siwezi kuipata kwa ajili ya hii?

---

Ndugu_wa_Newala

Mkopo wa asilimia kumi ni wa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kuupata kuna mchakato na tarehe yako haitausubiri. Kwa kutengenezea mashine baadae sawa, undeni kikundi. Kwa ada hii shemeji ndo benki. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mtwara wapitie pia, hata kama hawana hela wanajua nani anatafuta mashine, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wapo kwa ajili ya wabunifu wa aina yako.

Kuhusu kumaliza, hapana kaka, na hili ningelianza mwanzo. Kuna ada ya kila mwaka ya kuitunza hataza hai, na ARIPO wanaihesabu kuanzia tarehe uliyoomba, sio tarehe utakayopewa cheti. Maana yake hata wakati ombi lilikuwa linasubiri, miaka ilikuwa inasoma. Nenda kaangalie kama za nyuma ulilipa. Inalipwa kwa kila nchi uliyoichagua, na inapanda jinsi miaka inavyoenda, mpaka ifike 20. Ukichelewa kuna miezi 6 ya kulipa na faini juu, baada ya hapo hataza inakufa kwenye nchi hiyo.

Kwaiyo Kenya yako ya kushauriwa. Jiulize utauza mashine Kenya? Kuna mtu umemuona? Kama hapana, kwenye ada za mwaka unaweza kuiachia Kenya ife na ukaendelea na Tanzania na Msumbiji, moja haiangushi nyingine. Msumbiji ningeishikilia mpaka senti ya mwisho, korosho ya Nampula sio ya mchezo. Na kumbuka pia kabla ya kutoa, nchi ulizochagua zinapewa miezi 6 kila moja kusema kama hataza haitakuwa na nguvu kwake, kwaiyo kwenye barua yako angalia kama kuna nchi imekataa. Usije ukalipia ada za mwaka za nchi ambayo ilishasema hapana.

---

FundiChikongola

Daah. Za mwaka wa kwanza nililipa kwa sababu wakala alinikumbusha, za baada ya hapo sijui, yule wakala simu hapokei siku hizi. Nchi hamna iliyokataa nimeangalia.

Alafu nimeona kitu kingine kwenye hayo makaratasi, jina langu la kati wameliandika herufi moja tofauti na la kwenye kitambulisho cha NIDA. Dogo tu. Nikaushe?

---

MamaUbanguaji_Masasi

Usikaushe mwanangu, mimi cheti cha kuzaliwa cha mjukuu herufi moja tumehangaika nayo mpaka kwa mwanasheria.

---

Ndugu_wa_Newala

Usikaushe kabisa. Sasa hivi kabla hujalipa ndo wakati wa kusoma kila kitu, wakishachapa kusahihisha ni maombi mengine na pengine ada nyingine. Waandikie leo uwatumie nakala ya kitambulisho waweke sawa. Na sio jina tu, soma yale madai mstari kwa mstari, kaa na mashine yako mbele, angalia kama visu vinavyojisogeza na kile kikinga cha mafuta vyote vimo. Wakati wa uchunguzi madai huwa yanapunguzwa ili ombi lipite, na wakala anaweza kukubali bila kukuambia. Ukikuta kikinga kimetolewa ni bora ujue sasa kuliko siku unamwonyesha mwekezaji.

Na huyo wakala, kama ndo ameandikwa kwenye ombi basi barua zote rasmi zinaenda kwake, pamoja na za ada za mwaka. Andika ARIPO kwamba umebadilisha, weka anwani yako mwenyewe ya Mtwara na imeili unayoifungua kila siku. Kwenye barua hiyohiyo waombe wakupe taarifa ya ada zote zinazodaiwa kwenye ombi lako mpaka leo, nchi kwa nchi. Wakikujibu weka hapa ukifunika namba na jina, tuhesabu pamoja kabla shemeji hajatuma hela.